Nimonia katika nyumba zenye VVU: Zambia yaonyesha kwa nini hata mtoto asiye na virusi yumo hatarini

Nchini Zambia, idadi ya watoto wanaozaliwa na virusi vya Ukimwi (VVU) imepungua sana tangu dawa za kufubaza virusi (ARV) zilipoanza kutolewa kwa kila mjamzito mwenye maambukizi. Mafanikio hayo yameacha swali ambalo hapo mwanzo halikupewa uzito wa kutosha: mtoto aliyesalimika, ambaye vipimo vinaonyesha hana virusi, analelewa katika nyumba ya namna gani, na anavuta hewa pamoja na nani?

Swali hilo si dogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi (UNAIDS) linakadiria kuwa duniani wapo watoto wapatao milioni 16 waliozaliwa na mama wenye VVU lakini hawakuambukizwa. Wengi wao wako Afrika, kusini mwa Sahara. Zambia, jirani wa Tanzania ng'ambo ya mpaka wa Tunduma na Nakonde, ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2021 ulikuta asilimia 11 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Hiyo ni takriban mtu mmoja katika kila tisa.

Zambia pia ni mojawapo ya nchi ambako maradhi ya kifua ya watoto wa nyumba hizo yamechunguzwa kwa kina zaidi. Kwa zaidi ya miaka 20, madaktari na watafiti wa Lusaka wamekuwa wakifuatilia kinachowaua watoto hao na kinachowaokoa. Makala haya yanaeleza walichokigundua, na maana yake kwa familia za eneo letu.

Nimonia ni nini, na kwa nini VVU huizidisha?

Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi au homa ya mapafu, ni maambukizi yanayovijaza usaha au majimaji vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya mapafu. Oksijeni hushindwa kupita kwenda kwenye damu, na mtoto hulazimika kuhema haraka haraka ili kufidia upungufu huo. Maambukizi yanaweza kusababishwa na bakteria, virusi au fangasi.

VVU hushambulia chembe za damu zinazoongoza kinga ya mwili. Kwa mtu mzima kazi hiyo ya uharibifu inaweza kuchukua miaka. Kwa mtoto mchanga, ambaye kinga yake bado inajengwa, huchukua miezi. Ndiyo maana mtoto mwenye VVU huugua nimonia mara nyingi zaidi, huugua vikali zaidi, na huweza kuambukizwa na vimelea ambavyo mtoto mwenye kinga kamili huvishinda bila hata mzazi kutambua.

Takwimu za enzi ya kabla ya dawa ni za kuhuzunisha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004, uliojumlisha watoto 3,468 wa tafiti mbalimbali za Afrika, ulionyesha kuwa kati ya watoto walioambukizwa na wasiotibiwa, zaidi ya nusu, yaani asilimia 52.5, walifariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa watoto wa mama wenye VVU ambao hawakuambukizwa, idadi hiyo ilikuwa asilimia 7.6.

Uchunguzi wa Lusaka uliobadilisha mtazamo

Miaka ya mwisho ya 1990, madaktari wengi barani Afrika waliamini kuwa nimonia inayosababishwa na fangasi aitwaye nimosistisi, iliyokuwa ikiwaua wagonjwa wa Ukimwi Ulaya na Marekani, ilikuwa nadra katika bara hili. Kundi la wataalamu likiongozwa na Profesa Chifumbe Chintu, daktari bingwa wa watoto wa Zambia, liliamua kutafuta jibu mahali ambapo pasingekuwa na shaka: katika mapafu ya watoto waliofariki kwa maradhi ya kupumua katika Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu (UTH) mjini Lusaka. Kwa idhini ya wazazi, waliwafanyia uchunguzi watoto 264. Kati yao, 180 walikuwa na VVU na 84 hawakuwa navyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Kwa watoto wenye VVU, ugonjwa ulioongoza ulikuwa nimonia ya kawaida ya bakteria, iliyokutwa kwa asilimia 41. Nimonia ya fangasi wa nimosistisi ilifuata kwa asilimia 29, na wengi wa watoto hao hawakuwa wametimiza mwaka mmoja. Virusi vya saitomegalo vilikutwa kwa asilimia 22.

Takwimu za watoto wasio na VVU hazikupaswa kupuuzwa pia. Nusu yao walikuwa na nimonia ya bakteria, na asilimia 26 walikuwa na kifua kikuu. Hii ina maana kwamba mtoto mmoja katika kila wanne wasio na VVU waliochunguzwa alikuwa na ugonjwa ambao, mara nyingi, mtoto huupata kutoka kwa mtu mzima anayekohoa karibu naye.

Uchunguzi huo ulitoa mafunzo mawili. Kwanza, fangasi wa nimosistisi alikuwepo Afrika na aliwaua watoto wachanga, hasa wenye umri wa kati ya miezi mitatu na sita. Pili, vimelea vilivyowaua watoto wengi zaidi, wenye VVU na wasio navyo, vilikuwa vile ambavyo dawa na chanjo zake zinajulikana.

Kidonge cha bei nafuu

Kundi hilohilo la Lusaka liliendelea na jaribio la dawa ya kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Septrini. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, inayozuia fangasi wa nimosistisi pamoja na bakteria kadhaa. Watoto 541 wenye VVU, wenye umri wa mwaka mmoja hadi 14, waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilipewa dawa hiyo kila siku, na jingine lilipewa kidonge kisicho na kiungo cha tiba.

Mwaka 2003 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno kuweza kuendelea kwa haki. Asilimia 42 ya watoto wa kundi lisilo na dawa walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 28 ya wale waliopewa kotrimoksazoli. Hatari ya kifo ilikuwa imepungua kwa asilimia 43. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2004, yaliondoa mashaka ya watunga sera kwamba dawa hiyo isingefaa katika nchi ambako bakteria wengi walikwisha kuwa sugu dhidi yake.

Tangu hapo, miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) imependekeza kotrimoksazoli kwa watoto wenye VVU, na pia kwa kila mtoto mchanga wa mama mwenye VVU kuanzia wiki ya nne hadi ya sita, hadi itakapothibitika kuwa hakuambukizwa na hanyonyi tena.

Kwa mtoto ambaye hana virusi, hata hivyo, kidonge hicho hakina nguvu ileile. Jaribio lililofanywa Botswana kwa zaidi ya watoto 2,800 waliozaliwa na mama wenye VVU bila kuambukizwa halikuona tofauti ya vifo kati ya waliopewa kotrimoksazoli na wasiopewa. Kila nchi hupanga mwongozo wake kwa kuzingatia ushahidi huo, na mzazi hapaswi kusitisha dawa kabla kliniki haijasema. Lakini somo la Botswana ni la wazi: kinachomweka hatarini mtoto aliyesalimika hakimo ndani ya damu yake, na hakiwezi kuondolewa kwa kidonge anachomeza yeye peke yake.

Afya ya mama ndiyo kinga ya mtoto

Ni nini basi kinachomweka hatarini? Utafiti mwingine wa Lusaka, uliochapishwa mwaka 2005, ulifuatilia watoto 620 ambao hawakuambukizwa VVU na mama zao. Watafiti walilinganisha afya ya watoto kwa kuangalia hali ya kinga ya mama. Wale ambao mama zao walikuwa na kinga iliyoshuka, chini ya chembe 350 za CD4, walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kufariki katika miezi minne ya kwanza, na pia wa kulazwa hospitalini, kuliko watoto wa mama wenye kinga bora. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia uzito wa kuzaliwa.

Kumbuka kwamba watoto wote hao hawakuwa na virusi. Kilichowatofautisha ni ugonjwa wa mama.

Wataalamu wanaeleza sababu kadhaa zinazoshikamana. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito, mama humpitishia mtoto kingamwili kupitia kondo la nyuma. Hizo ndizo humlinda mtoto kabla chanjo zake hazijaanza kufanya kazi. VVU hupunguza kiasi cha kingamwili kinachopita. Watoto wa mama wenye VVU pia huzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo mara nyingi zaidi, na mapafu ya mtoto wa namna hiyo huwa machanga. Baada ya kuzaliwa, mtoto huishi karibu na watu wazima ambao wao wenyewe wana uwezekano mkubwa wa kuwa na maambukizi ya kifua. Na pale mama anapokuwa mgonjwa, au anapofariki, unyonyeshaji hukatika, kipato hupungua, na safari ya kwenda kliniki huahirishwa.

Utafiti huo ulifanyika wakati dawa za ARV bado hazijawafikia wengi. Mwaka 2013 Zambia ilipitisha sera ya kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa hizo maisha yake yote, bila kusubiri kinga yake ishuke. Kwa kawaida sera hiyo husifiwa kwa kuzuia mtoto asiambukizwe. WHO inaeleza kuwa bila hatua yoyote, kati ya asilimia 15 na 45 ya watoto huambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya, na kwamba hatua zinazofaa huweza kukishusha kiwango hicho hadi chini ya asilimia 5. Lakini dawa anayokunywa mama hufanya kazi ya pili isiyotajwa sana: humweka hai, mwenye nguvu, asiyekohoa, anayenyonyesha. Hiyo nayo ni kinga ya nimonia kwa mtoto wake.

Maziwa ya mama: hofu na ukweli

Kwa miaka mingi mama wenye VVU waliambiwa wawaachishe watoto kunyonya mapema ili kuwaepusha na virusi. Lusaka ndiko ushauri huo ulikopimwa kwa umakini. Mama 958 wenye VVU waligawanywa makundi mawili: nusu walihimizwa kuacha kunyonyesha ghafla mtoto anapotimiza miezi minne, na nusu waliendelea.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yaliwashangaza wengi. Kuachisha mapema hakukuleta faida yoyote ya maana: idadi ya watoto waliokuwa hai bila VVU katika umri wa miaka miwili ilikuwa takriban sawa katika makundi yote mawili. Kile ambacho kuachisha kulikiokoa kwa upande wa virusi, kilipotea kwa upande wa maradhi mengine. Kwa watoto ambao tayari walikuwa wameambukizwa, madhara yalikuwa makubwa zaidi: asilimia 73.6 ya waliopangiwa kuachishwa mapema walifariki kabla ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 54.8 ya waliopangiwa kuendelea kunyonya.

Maziwa ya mama hubeba kingamwili na humpa mtoto lishe ambayo uji mwepesi hauwezi kuifikia. Leo WHO inapendekeza kuwa mama mwenye VVU anayetumia ARV ipasavyo anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi mtoto atimize angalau mwaka mmoja, na anaweza kufikisha miaka miwili au zaidi.

Kikohozi cha mtu mzima

Kifua kikuu ndicho chanzo kikuu cha vifo vya watu wanaoishi na VVU. Kwa hiyo nyumba yenye VVU mara nyingi huwa pia nyumba ambamo kifua kikuu kinaweza kuingia. Mtoto mdogo kwa kawaida haambukizi wengine. Yeye ndiye huambukizwa, na mtu mzima anayelala naye chumba kimoja ndiye anayepaswa kutazamwa kwanza. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, ugonjwa huweza kuenea kwa kasi, hata kufika kwenye utando wa ubongo.

Kugundua kifua kikuu kwa mtoto ni kazi ngumu. Mtoto mchanga hawezi kutoa makohozi ya kupimwa, na dalili zake, yaani kukohoa, homa na kutoongezeka uzito, hufanana na za nimonia au utapiamlo. Siku hizi choo cha mtoto kinaweza kupimwa kwa mashine ya kutambua vinasaba vya bakteria, njia ambayo imerahisisha kazi katika vituo visivyo na vifaa vya kuvuta majimaji ya tumboni.

WHO inapendekeza kuwa mtu anapogundulika kuwa na kifua kikuu, watoto wote wa nyumba hiyo wenye umri wa chini ya miaka mitano wachunguzwe. Wasiokuwa na ugonjwa wapewe dawa za kuuzuia: isoniazidi kwa miezi sita, au mseto wa isoniazidi na rifampisini kwa miezi mitatu. Mtoto anayetumia ARV huchaguliwa dawa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV. Kwa sababu hiyo mhudumu wa kituo cha kifua kikuu lazima aambiwe dawa zote ambazo mtoto anatumia, hata kama familia ingependa jambo hilo libaki siri.

Kwa walio tayari wagonjwa, habari ni njema kiasi. Jaribio lililofanyika Zambia, Uganda, Afrika Kusini na India kwa watoto 1,204, wakiwemo wenye VVU, lilionyesha kuwa kifua kikuu kisicho kikali kinaweza kutibiwa kwa miezi minne badala ya sita. WHO imekwisha kuingiza matokeo hayo katika miongozo yake.

Chanjo, virusi na moshi wa mkaa

Mwezi Julai 2013 Zambia ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya nimonia (PCV), inayozuia bakteria wanaoongoza kwa kusababisha nimonia kali. Ushahidi wa kuwa chanjo ya aina hiyo huwafaa pia watoto wenye VVU ulitoka Soweto, Afrika Kusini, katika jaribio la karibu watoto 40,000 lililochapishwa mwaka 2003. Maambukizi makali ya damu na ubongo yaliyosababishwa na aina za bakteria zilizomo ndani ya chanjo yalipungua kwa asilimia 83 kwa watoto wasio na VVU, na kwa asilimia 65 kwa wenye VVU. Kinga ya watoto wenye VVU huwa dhaifu kiasi, na hiyo ndiyo sababu wanahitaji kuanza ARV mapema pamoja na kukamilisha chanjo zote, zikiwemo za surua na kifaduro.

Chanjo ya BCG, inayopunguza makali ya kifua kikuu kwa watoto wachanga, hutolewa mara mtoto anapozaliwa. Mtoto ambaye tayari imethibitika ana VVU husubirishwa hadi aanze ARV na hali yake iimarike, kwa kuwa chanjo hiyo ina bakteria hai.

Kwa watoto wasio na VVU, virusi ndivyo vinavyoongoza sasa. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba kati ya mwaka 2011 na 2014, UTH ya Lusaka na Kilifi nchini Kenya zikiwa miongoni mwa vituo vyake, ulikadiria kuwa takriban asilimia 61 ya nimonia kali kwa watoto hao ilisababishwa na virusi, na virusi vya RSV pekee vilichangia asilimia 31. RSV kwa mtu mzima ni mafua tu. Kwa mtoto wa miezi miwili yanaweza kuwa kifo. Mwaka 2025 WHO ilichapisha msimamo wake wa kupendekeza chanjo ya RSV kwa wajawazito na sindano ya kingamwili kwa watoto wachanga, ingawa bidhaa hizo bado hazijafika katika kliniki nyingi za Afrika.

Kuhusu moshi, picha ni ngumu zaidi. Katika mitaa yenye msongamano ya Lusaka, familia nyingi hupika kwa mkaa kwenye jiko ambalo Wazambia huliita mbaula, na nyakati za baridi jiko hilo huingizwa ndani ili kupasha joto chumba. Moshi hudhuru njia ya hewa ya mtoto. Lakini kubadili jiko pekee hakujatosha. Nchini Malawi, jaribio lililohusisha watoto 10,750 katika vijiji 150 vya Chikwawa na Karonga, wilaya inayopakana na Tanzania, liligawa majiko yanayotoa moshi mdogo. Matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha kupungua kwa nimonia, ingawa ajali za moto zilipungua. Watafiti walieleza kuwa moshi wa takataka zinazochomwa, wa tumbaku na wa majirani uliendelea kuwafikia watoto walewale.

Wanaokua na mapafu yaliyochoka

Watoto wenye VVU wanaopata ARV sasa hufika ujana na utu uzima. Jaribio la Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 2008 lilionyesha kuwa kuanza dawa mara tu mtoto mchanga anapogundulika, badala ya kusubiri augue, kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Tangu mwaka 2021, vidonge vya dolutegraviri vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji vimekuwa vikisambazwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Malawi, na kuchukua nafasi ya dawa chungu ambazo watoto walizitema.

Lakini waliochelewa kuanza dawa wengi wamebaki na makovu ya mapafu. Hukohoa kwa miezi, huchoka wakipanda kilima, na mara nyingine hutibiwa kifua kikuu ambacho hawana. Katika miji ya Blantyre, Malawi, na Harare, Zimbabwe, vijana na watoto 347 wenye tatizo hilo walishiriki jaribio la dawa ya azithromaisini mara moja kwa wiki. Dawa haikuyarudisha mapafu katika hali yake, ila ilipunguza vipindi vya kuugua ghafla. Wataalamu wanasema kinachobaki kuwa tiba bora ni kuzuia uharibifu usitokee.

Msaada unapopungua

Huduma nyingi zilizotajwa hapa, kuanzia vipimo vya watoto wachanga hadi dawa za mama, zimegharimiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili wa nje. Mei 2025, aliyekuwa Balozi wa Marekani mjini Lusaka, Michael Gonzales, alitangaza kuwa nchi yake ingepunguza msaada wa dawa wa dola milioni 50 kwa mwaka, akisema dawa zilizotolewa bure zilikuwa zikiibwa na kuuzwa madukani. Msaada huo ulihusu dawa za VVU, kifua kikuu na malaria.

Katika hesabu za bajeti, dawa ya mama huandikwa chini ya kifungu cha VVU, na nimonia ya mtoto huandikwa chini ya kifungu cha afya ya watoto. Tafiti za Lusaka zinaonyesha kuwa vifungu hivyo viwili ni nyumba moja. Mama anapokosa dawa zake kwa miezi kadhaa, athari zinaweza kuonekana kwanza katika wodi ya watoto, kwa mtoto ambaye jina lake halimo katika daftari lolote la VVU.

Mambo ya kuzingatia kliniki

Kwa familia yenye mtu anayeishi na VVU, wataalamu wa afya ya watoto husisitiza yafuatayo:

• Mtoto apimwe VVU kwa kipimo cha vinasaba akiwa na umri wa wiki nne hadi sita. Kipimo cha kawaida cha haraka hakitoshi kabla ya miezi 18, kwa kuwa kinaweza kuonyesha kingamwili za mama. Kipimo cha mwisho hufanyika baada ya kuacha kunyonya.

• Mama aendelee na ARV bila kukatiza, na apimwe wingi wa virusi.

• Mtu mzima yeyote nyumbani mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Anayeishi na VVU asisubiri wiki mbili. Kikohozi chochote kinatosha.

• Kadi ya mtoto yenye orodha ya chanjo na dawa isafiri pamoja naye, hasa kwa familia zinazovuka mipaka kwa biashara au kwa kuhamia kwa bibi.

Lini mtoto awahishwe hospitalini?

Mzazi anaweza kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika moja nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa mwenye miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia.

Mtoto apelekwe hospitalini mara moja iwapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anakoroma au kuguna anapohema, midomo imekuwa ya bluu, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.

Kwa mtoto wa kawaida, kubonyea kwa kifua bila dalili nyingine za hatari kunaweza kutibiwa kwa dawa za kunywa nyumbani. Kwa mtoto mwenye VVU, au aliyezaliwa na mama mwenye VVU, miongozo ya WHO inataka apewe rufaa ya kulazwa, kwani huenda akahitaji oksijeni, sindano za antibayotiki na, kwa aliye chini ya mwaka mmoja, kiwango kikubwa cha kotrimoksazoli. Mzazi anayemweleza mhudumu ukweli kuhusu hali ya nyumba yake humwezesha kuchagua tiba hiyo tangu saa ya kwanza.